Mwanga wa Alhamisi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda bombani, Restuta alikuwa na kazi moja ambayo hakuna aliyemtuma. Alichukua kioo cha shangazi yake, kile kilichomeguka pembe, akakipeleka nyuma ya nyumba, akakisimamisha juu ya tofali na kuinama mbele yake. Alitazama chini ya jicho la kushoto. Kivimbe kilikuwa palepale.

Kilianza mwaka juzi, akiwa bado kwa wazazi wake Itaka, kikiwa kidogo kama punje ya ulezi. Sasa kilitoshana na punje ya kahawa, cha mviringo, kigumu kidogo, na kilikuwa kinapanda. Zamani kilikaa shavuni. Siku hizi kiligusa kope ya chini, na Restuta akicheka, jicho lile lilijifunga nusu kana kwamba linamkonyeza mtu. Hakikuuma. Hakikuwasha. Kilikuwepo tu, na kuwepo kwake kulitosha.

Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Tangu Januari aliishi Tunduma, mtaa wa Maporomoko, kwa shangazi Roda, dada wa baba yake, kwa kuwa shule ya kwao ilikuwa mbali na baba alitaka asome darasa la sita bila kutembea saa mbili. Shangazi Roda aliuza vitenge karibu na mpaka. Aliamka mapema, alisema maneno machache, na alijua lugha nyingi: Kinyiha cha nyumbani, Kinyamwanga cha majirani, Kibemba cha wateja kutoka Zambia, na Kiswahili cha watu wote. Miezi mitano si mingi. Restuta alimheshimu shangazi yake, lakini alikuwa hajamzoea.

Jumatatu moja ya mwezi wa tano, shangazi alimkuta na kioo.

"Nipe rula yako ya shule," alisema.

Restuta aliitoa mkobani. Shangazi akamsimamisha mlangoni, akaiegesha ile rula kando ya kivimbe kama fundi cherehani anayepima kola, akainua simu na kupiga picha. Moja kwa mbele, mbili kwa upande.

"Za nini, shangazi?"

"Geuka kidogo. Usicheke."

"Sicheki."

"Haya, basi. Nenda shule." Shangazi alitia simu mfukoni. Kisha, kama aliyekumbuka jambo, akasema, "Na huko bombani usiseme kwamba nimekupiga picha. Watu wa hapa wana midomo."

Restuta aliondoka, lakini siku hiyo rula ilikuwa nzito mkobani. Mtu humpima mwenzake kwa sababu gani? Fundi hupima apate kushona. Seremala hupima apate kukata.

Darasani, Mwalimu Sadoki alikuwa amelaza fimbo yake mezani kabla hata ya kusalimia. Wanafunzi walitazamana wakitafuta nani mwenye kosa.

"Leo fimbo haichapi, inafundisha," alisema mwalimu. Akaandika ubaoni: Kiboko amelala mtoni. Kiboko kimelala mezani. "Haya. Neno ni lilelile, kiboko na kiboko. Nani amewaambia kwamba yule ni mnyama na hiki ni cha kuchapia?"

"Herufi za mbele ya kitenzi, mwalimu," alijibu Lusungu, msichana aliyekaa dawati moja na Restuta. "Pale ni a, hapa ni ki."

"Ndiyo. Neno halitembei peke yake, lina mwenzake anayelifuata. Ukisikia neno, sikiliza na mwenzake. Ukimkosa huyo, utamkimbia kiboko wa mezani na kumkumbatia wa mtoni."

Darasa likacheka. Restuta naye alicheka, kisha akakumbuka jicho lake na kufunika shavu la kushoto kwa kiganja. Alikuwa amezoea kukaa hivyo kutwa nzima, kama mtu anayeumwa jino. Kutoka dawati la nyuma, mvulana mmoja akanong'ona, "Resti, buni yako itaiva lini, tuje kuvuna?"

"Jumatatu ijayo," mwalimu aliendelea, "kila mmoja aje na neno la namna hiyo. Lake mwenyewe. Kiboko changu mniachie."

Alasiri hiyo Restuta alikuwa uani akisugua masufuria kwa mchanga. Shangazi alikuwa ndani, dirisha wazi, akizungumza kwenye simu. Kwanza alizungumza Kibemba, na Restuta hakuambulia chochote isipokuwa natotela, asante, ambalo wateja wa vitenge walilisema kila siku. Halafu simu ikakatwa, ikapigwa nyingine, na safari hii ilikuwa Kiswahili.

"Ndiyo, picha nimezituma. Na rula umeiona? ... Hapana, sijamwambia. Nikimwambia ataogopa, na akiogopa atakimbia. ... Sawa. Nisimpake kitu chochote usoni siku hiyo."

Restuta aliacha kusugua.

"Na hicho kifuko mkishakitoa mnakitupa? ... Kwenye chupa? Kiende mpaka Mbeya? Haya. Kwa hiyo kisu hakuna, ni mwanga?"

Hapo barabarani lori lilipiga honi. Foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka ilipita karibu na nyumba ile mchana kutwa, na honi zake zilikuwa zinameza maneno ya watu kama mbuzi anavyomeza maganda. Restuta alisogea chini ya dirisha.

"...naingia mpaka chini ya ngozi?" shangazi aliuliza. Honi nyingine. "...natoka Mbeya mara moja tu kwa mwezi. Basi Alhamisi tutakuwa hapo."

Sufuria lilimteleza mikononi.

Mwanga. Neno hilo lina maana mbili, na Restuta alizijua zote. Ipo ile ya taa na jua. Na ipo ile ambayo bibi yake kule Itaka hakuitamka bila kushusha sauti: mwanga, mtu mmoja katika wanga, yule mchawi anayewanga watu wakiwa wamelala. Ipi kati ya hizo? Restuta alijaribu ile ya kwanza, ikakataa kukaa. Jua halitoki Mbeya mara moja kwa mwezi. Taa haiombi picha ya mtu. Taa haichukui kifuko cha mtoto na kukitia kwenye chupa.

Basi ilibaki ile ya pili.

Jioni alitaka kumpigia baba simu, lakini kahawa ilikuwa imeanza kuiva Itaka, na baba akiwa shambani simu yake haikupatikana. Wakati wa kula shangazi alimwekea kipande kikubwa cha samaki. Restuta alikitazama kipande hicho. Kwa nini leo? Akala ugali, samaki akamwacha.

"Huumwi?" aliuliza shangazi.

"Siumwi."

"Basi kula, mwanangu."

Siku hiyo hata neno mwanangu aliliona lina kitu nyuma yake.

Jumanne, saa ya mapumziko, alimvuta Lusungu nyuma ya vyoo vya shule na kumweleza yote: rula, picha, chupa, Mbeya, Alhamisi.

"Alisema mwanga?" aliuliza Lusungu. "Au alisema Mnyamwanga? Maana kama ni Mnyamwanga, mimi ni Mnyamwanga na mama yangu ni Mnyamwanga, na hatujamtia mtu kwenye chupa."

"Alisema mwanga. Nimesikia kwa masikio yangu."

"Anafanya nini huyo mwanga?"

"Anaingia mpaka chini ya ngozi."

Lusungu hakuuliza kama rafiki yake alisikia sawasawa ile anaingia. Na Restuta, ambaye hakuusikia kabisa mwanzo wake, hakujua kwamba ameujaza yeye mwenyewe.

"Usimwambie mtu," alisema Restuta.

"Naapa. Mimi ni kaburi."

Lusungu alikuwa na nia njema. Lakini alikuwa pia na mama, na mama yake ndiye aliyeshika ufunguo wa bomba la mtaa.

Jumatano asubuhi Restuta na shangazi walikwenda kuteka maji na ndoo nne. Wanawake waliokuwa wakizungumza walinyamaza wote kwa pamoja, kama vyura mtu anapokaribia dimbwi. Mmoja aliivuta ndoo yake isigusane na ya shangazi. Mwingine alimwita mtoto wake akamficha nyuma ya kanga.

"Mmeamkaje?" alisalimia shangazi Roda.

"Tumeamka," alijibu Mama Lusungu bila kumtazama. Ndoo iliyokuwa bombani ilijaa mpaka ikafurika. Kisha Mama Lusungu akafunga koki, akatia kufuli. "Maji yamekatika."

"Yamekatika? Si nimeyaona yakitoka sasa hivi?"

"Uliyaona. Sasa yamekatika."

Shangazi alitazama koki, akawatazama wanawake mmoja mmoja. Hakuna aliyempa macho. Aliinua ndoo zake tupu, na njiani zikawa zinagongana miguuni mwake. Karibu na nyumba aliuliza kwa sauti ndogo, "Resti, kwani nimemkosea nani?"

Restuta alijua jibu. Je, kama shangazi ni mwema? Lakini kama ni mwema, kwa nini anaficha? Akasema, "Sijui, shangazi." Huo ulikuwa uongo, na ulimchoma kuliko hofu yenyewe.

Alipokwenda shule, Mama Lusungu alikuwa amesimama njiani akimsubiri.

"Mwanangu, mwenzio ameniambia. Usilie. Kesho asubuhi usiende na huyo. Njoo kwangu alfajiri kabla hajaamka. Nina mwiba wa mlimau. Nitakitoboa, nitakikamua, mchezo umekwisha. Ukiwa huna kivimbe, huyo mtu wa Mbeya atachukua nini?"

Hilo lilikuwa na akili. Restuta alilala nalo na akaamka nalo.

Alhamisi alfajiri, jogoo wakiwa bado wanabishana, alikuwa amekaa kwenye kigoda jikoni kwa Mama Lusungu. Mwiba ulikuwa juu ya meza, mrefu, wa kijani, ncha nyeusi. Mama Lusungu aliuchovya kwenye kikombe cha maji ya chumvi. Akainama, na alipoinama kilemba chake kikateleza kikaanguka mabegani.

Nyuma ya sikio lake palikuwa na kivimbe kikubwa kama ndimu. Ngozi yake ilikuwa imekunjamana na kung'aa, na katikati palikuwa na kovu jeusi.

Mama Lusungu alikiokota kilemba haraka, lakini Restuta alikuwa ameshaona.

"Mama, hicho nacho ni kama changu?"

"Cha zamani hicho."

"Mlikitoboa?"

"Nilitobolewa. Kwa mwiba huuhuu, au kaka yake."

"Sasa mbona kipo?"

Mama Lusungu alikaa na mwiba mkononi. "Kilirudi," alisema mwishowe. "Kwanza kilioza, nikalala na homa siku sita. Halafu kikarudi."

"Kikubwa zaidi?"

Mama Lusungu alifunga kilemba upya. Restuta aliugusa uso wake mwenyewe, pale kope ilipogusana na kivimbe. Nyuma ya sikio mtu anaweza kufunga kilemba. Jicho hufungwa nini? Akasimama, akasema, "Asante, mama," akatoka mbio.

Hakurudi nyumbani kwa kuwa anamwamini shangazi. Alirudi kwa kuwa hakuwa na mahali pengine, na kwa kuwa alikuwa amepanga: sitakula kitu, sitakunywa kitu, nitahesabu milango, na nikiona chupa nitakimbia.

Walipanda bajaji mpaka kwenye kliniki ndogo iliyokuwa kwenye barabara ya kwenda Mpemba. Restuta alihesabu milango. Ilikuwa mitatu. Palikuwa na benchi, kalenda ya kanisa na harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Mwanga gani anayepanga watu kwenye benchi? Lakini mwanga mwerevu, alijijibu, hawezi kuweka mafuvu mlangoni.

Muuguzi mmoja, aliyejitambulisha kuwa Judith, alimwita ndani. "Restuta. Shavu la kushoto. Ndiye wewe wa picha yenye rula?" Alitabasamu. "Kaa hapo. Daktari anakuja."

Juu ya meza ya chuma palikuwa na miwani myeusi tii, minene, isiyopitisha hata chembe ya nuru. Pembeni yake, chupa. Ndogo, ya plastiki, yenye maji maangavu ndani. Juu yake palikuwa pamebandikwa karatasi, na kwenye karatasi, kwa kalamu ya bluu, mtu alikuwa ameandika jina lake lote na jina la baba yake.

Restuta alisimama.

"Resti, unakwenda wapi?" aliuliza shangazi.

Tayari alikuwa ameshika kitasa cha mlango wakati sauti ya Judith ilipotoka chumba cha ndani, wazi kabisa, bila lori, bila honi:

"Daktari, mwanga unawashwa sasa au nisubiri?"

Mkono wa Restuta ulibaki kwenye kitasa. Kiboko amelala mtoni. Kiboko kimelala mezani.

"Unawashwa?" alisema. "Hukusema anawashwa?"

Judith alichungulia mlangoni. "Nani anawashwa? Una upele, mwanangu? Anayewashwa ni mtu. Mwanga unawashwa, kwa swichi. Njoo uone."

Ilikuwa mashine nyeupe yenye mkono mrefu uliokunjika kama mguu wa panzi, na kwenye ncha yake kidude chembamba kama kalamu. Kando yake alisimama mwanamke mfupi mwenye sauti ya upole na mikono isiyo na haraka. Jina lake, Dokta Alinanuswe, lilikuwa limeshonwa kwenye koti lake. Alimtazama Restuta, akatazama kitasa cha mlango, akavuta kiti.

"Kuna kitu umesikia," alisema. "Niambie kabla sijakugusa. Simtibu mtu anayetaka kukimbia."

Yakamtoka yote. Rula, picha, chupa, Mbeya, mwanga. Alisema akitazama sakafu, na alipofika kwenye neno lile, alisikia nyuma yake kiti cha shangazi kikilia.

Dokta Alinanuswe hakucheka. Judith alitaka kucheka, akageukia ukuta.

"Tuanze na kivimbe," alisema daktari. "Ni kifuko kidogo chini ya ngozi. Ngozi huzeeka na kupukutika kila siku, ya kwako na ya kwangu. Mara nyingine vumbi lake linanasa ndani badala ya kutoka nje, kifuko kinajijenga kulizunguka, kinajaa polepole. Hakiambukizi. Hakuna aliyekutupia. Kwa ninavyokiona si saratani. Lakini ukikitoboa na kukikamua, unatoa uji na kuacha chungu. Chungu kikibaki, uji unajaa tena, na uchafu unaingia kwa mwiba."

"Kwa hiyo mnatoa na chungu," alisema Restuta.

"Ndicho kifuko ulichokisikia. Kinakwenda maabara Mbeya kwenye chupa, wakitazame kwa hadubini, tuwe na hakika badala ya kudhani. Jina lako liko juu yake ili majibu yasiende kwa mtu mwingine. Rula ni kwa sababu mashine hii naileta huku mara moja kwa mwezi. Nilitaka kujua ukubwa kabla sijaja. Na miwani ni ya kulinda macho yako."

"Na mwanga?"

"Umewahi kukusanya jua kwa kitako cha chupa ukachoma karatasi?"

"Nimewahi. Itaka tulikuwa tunachoma majani makavu."

"Hii ni hivyohivyo, ila tumeukusanya zaidi. Unaitwa leza. Unafungua tundu dogo kama ncha ya kalamu, na damu inatoka kidogo sana. Kwanza nitakuchoma sindano ya ganzi, na hiyo itauma kama siafu mmoja mwenye hasira. Baada yake utasikia harufu ya nywele zilizoungua, basi. Unakubali au unarudi nyumbani? Jibu lolote ni sawa."

Restuta aligeuka kumtazama shangazi yake. Shangazi Roda alikuwa ameinamisha uso kwenye mikono. Kwa mara ya kwanza tangu Januari, Restuta alienda akamshika mkono bila kuitwa.

"Nakubali," alisema.

Siafu aliuma kweli. Kisha ikaja ile harufu, sauti ndogo kama ya mafuta kikaangoni, na vidole vya shangazi katika vidole vyake. Hata nusu saa haikufika. Judith alimwonyesha kifuko ndani ya chupa. Kilikuwa cheupe, kidogo, kama kiini cha mbegu ya boga. Restuta alikishangaa. Hicho ndicho kilichokuwa kimemfunga mkono shavuni miaka miwili.

Nje, kwenye ngazi za kliniki, shangazi alikaa kitako badala ya kuita bajaji.

"Kwa hiyo ndiyo maana maji yalikatika," alisema.

"Nisamehe, shangazi."

"Mimi, dada wa baba yako, nikupeleke kwa mwanga? Unajua neno hilo linaweza kumfanya nini mwanamke katika mtaa? Leo linafunga bomba. Kesho linachoma nyumba."

Restuta alilia, na chozi likaishia kwenye plasta.

Shangazi alimfuta kwa ncha ya kitenge. Alitazama malori yakipita. "Na mimi nina kosa langu," alisema hatimaye. "Niliona ukisikia kisu au mashine utaogopa, nikaficha. Mwanangu, ukimficha mtu jambo lake mwenyewe, unampa kazi ya kulibuni. Ningekuambia Jumatatu, ungeogopa siku moja badala ya nne. Hilo nimelikosea. Lakini neno ulilolitoa ni lako. Utalirudisha mwenyewe, mahali palepale lilipokwenda."

Jioni walikwenda bombani na ndoo nne. Wanawake wakanyamaza tena. Restuta alisimama kwenye jiwe la kuwekea ndoo, plasta nyeupe chini ya jicho, pale kila mtu alipoweza kumwona.

"Shikamooni. Mimi ndiye niliyesema shangazi yangu ananipeleka kwa mwanga. Nilisikia nusu, nusu nikaijaza mwenyewe. Mwanga ni ule wa taa. Ni mashine ya daktari. Shangazi yangu alikuwa ananitibu jicho. Mimi ndiye niliyekosea, si yeye."

Lusungu, aliyekuwa kando ya mama yake, alitazama vidole vya miguu yake.

"Aa, sisi tulijua tu," alisema mwanamke aliyevuta ndoo jana.

"Mlijua?" alisema shangazi Roda. "Ndoo yangu haikujua, mama. Ilirudi tupu."

Mtu akacheka, kisha mwingine, na kicheko kile kikalegeza mabega ya watu. Mama Lusungu alifungua kufuli. Akaichukua ndoo ya shangazi mwenyewe, akaiweka bombani mbele ya zote. Maji yakaanza kuimba. Alipoona kelele yake inatosha kufunika sauti, aliinama karibu, mkono mmoja juu ya kilemba.

"Roda. Huyo daktari anarudi lini?"

Shangazi alimtazama. Restuta alijua kwamba angeweza kusema lolote, na lolote lingekuwa haki yake.

"Alhamisi ya kwanza ya mwezi ujao," alisema shangazi. "Tutakwenda wote. Ule mwiba utupe." Kisha akageuka, akawasemesha wasichana wawili lakini kwa sauti ya kufika kwa kila mwenye ndoo. "Sikilizeni. Ukisikia nusu ya neno, usiishone na nusu yako. Nenda kwa aliyelisema, ukaombe kipande kilichobaki. Kuuliza hakujamvunja mtu mguu. Kudhani kumewavunjia wengi nyumba."

Jumatatu Mwalimu Sadoki alilaza fimbo yake mezani. "Leteni maneno yenu," alisema. "Nani anaanza?"

Mkono mmoja ulipanda kabla ya mingine yote. Ulikuwa mkono wa kushoto, na darasa lilichukua muda kuelewa kwa nini linaushangaa. Hawakuwahi kuuona mbali na shavu.

"Mimi, mwalimu," alisema Restuta. "Mwanga anawanga. Mwanga unawashwa."